Tanki la gari ya zamani likikosa hewa: inazima njiani, inanuka petroli, inamwaga mafuta ikiwa imepaki

Gari inazima yenyewe ukiwa kwenye spidi, unapaki pembeni, unakaa dakika kumi hivi, ukipiga starta inawaka vizuri tu, unaenda tena kilomita kadhaa inazima tena. Hapo watu wengi wanakimbilia pampu, pampu ikishabadilishwa wanahamia kabureta, kabureta ikishafunguliwa wanahamia koili na plagi, hela inaisha na ugonjwa uko palepale. Kabla hujagusa hata kimoja, siku itakayozima tena shuka haraka nenda kwenye mfuniko wa tanki, fungua taratibu na utege sikio. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani basi shida haiko kwenye injini, iko nyuma huko, tanki limekosa hewa.

Kwenye gari hizi za zamani sioni sehemu inayosahaulika kama hii, manake haionekani, na ikiharibika inajifanya ugonjwa wa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: tanki limeshindwa kuvuta hewa, limeshindwa kuitoa, au linaitoa mahali pasipotakiwa? Ukishajua ni lipi kati ya hayo, kazi iliyobaki ni kufuatilia mpira na valvu tu.

Kinachoendelea humo ndani

Kila lita ya petroli inayoenda kwenye injini lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Njia ya hewa ikiziba ni kama kumimina kutoka kwenye kopo lenye matundu mawili huku moja umeliziba kwa kidole, mwanzo yanatoka halafu yanagoma. Pampu haijui hilo, inaendelea kuvuta, presha ya ndani inazidi kushuka mpaka pampu nayo inashindwa. Na hewa ya nje ina nguvu kweli. Chukua tanki lenye ukuta wa juu wa sentimita 50 kwa 80, presha ya ndani ikishuka kwa bar 0.1 tu ukuta huo unakandamizwa kama umewekewa mzigo wa kilo 400 hivi. Ndo maana unakuta tanki limebonyea na mwenye gari anadhani liligonga jiwe, kumbe limejinyonya lenyewe. Likishabonyea linabeba lita chache kuliko zamani, na mkono wa floti, yaani kiboya kinachoelea ndani ya tanki kupima mafuta, unaweza kugusa ukuta, geji ya mafuta ikaanza kudanganya.

Upande wa pili ni joto. Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Mafuta ya kituoni yanakaa kwenye tanki la chini ya ardhi kwenye ubaridi, sasa jaza lita 60 zikiwa nyuzi 15 halafu uiache gari juani mpaka mafuta yafike nyuzi 40, hapo yameongezeka kama lita 1.4. Hizo lazima zipate pa kwenda. Na hapo bado hatujahesabu mvuke, manake petroli ikipata joto inatoa mvuke mwingi sana, na huo mvuke ndo unaosukuma presha hata kwenye tanki lililojaa nusu.

Jua kwanza gari yako ni ya mfumo upi, kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Gari nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zinapumulia nje moja kwa moja, ama kupitia katundu kadogo kwenye mfuniko ama kupitia kabomba kanakotoka juu ya tanki na kuishia chini ya bodi. Halafu sheria za hewa safi zikaja, California ikaanza na gari za modeli ya 1970 na Marekani nzima ikafuata modeli ya 1971, mvuke wa tanki ukakatazwa kwenda nje. Ndo hapo ikaja mifuniko isiyopitisha hewa, vitanki vidogo vya kupokea mafuta yaliyotanuka, valvu, na kanista yenye mkaa unaonasa mvuke mpaka injini iuvute na kuuchoma. Wengine mwanzoni hawakuweka hata kanista, Chrysler walitumia kifuko cha oili cha injini kama ghala la mvuke, na Datsun 240Z nayo mvuke wake ulikuwa unaelekea hukohuko kwenye injini kupitia valvu. Kwa hiyo gari mbili za kampuni moja, sura moja, zikipishana miaka miwili tu, zinaweza kuwa na mifumo tofauti kabisa nyuma, na gari ya soko la Marekani inaweza isifanane na pacha wake aliyeuzwa kwingine.

Inazima baada ya mwendo, ikipumzika inawaka

Kwanza hakikisha ni hewa kweli. Dalili yake ina tabia ambayo ukishaijua huwezi kuisahau: inakuja mapema zaidi ukiwa umejaza tanki. Watu wanashangaa, wanasema mbona nikiwa na robo tanki inaenda vizuri nikijaza inazima, wanaanza kulaumu mafuta ya kituo. Sababu ni kwamba tanki likijaa, nafasi ya hewa juu ni ndogo, ukitoa lita moja tu presha inashuka sana, lakini likiwa nusu kuna hewa nyingi ya kutanuka kwa hiyo inachukua muda. Pia inakuja haraka ukikanyaga sana au ukipanda mlima, manake injini inakunywa mafuta haraka kuliko hewa inavyojipenyeza.

Usiichanganye na mafuta kuchemka kwenye paipu. Hayo ya kuchemka yanapenda foleni, jua kali na gari iliyozimwa ikiwa moto halafu ikawashwa tena baada ya muda mfupi. Ila vinaweza kukuta vyote viwili pamoja, kwa sababu presha ikishuka kwenye paipu ya kuvuta, petroli inachemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo tanki lisilopumua linaleta hata hilo la kuchemka. Halafu kuna uchafu ndani ya tanki unaofuata mafuta mpaka kwenye mdomo wa paipu na kuuziba, ukizima unadondoka chini gari inawaka tena. Huo nao unafanana sana, lakini ukifungua mfuniko hakuna mlio wa kuvuta. Na koili inayokufa ikipata joto utaijua kwa cheche, gari ikizima angalia cheche hapohapo kabla haijapoa, uangalie mbali na mafuta.

Jaribio la haraka ni kuendesha umbali uleule unaozima huku mfuniko umelegezwa, usiuondoe kabisa, na tanki lisiwe limejaa hadi juu ili yasimwagike kwenye kona. Ikiacha kuzima, umepata. Hilo ni jaribio tu, sio matengenezo, gari isitembee hivyo wiki nzima.

Sasa nani mkosaji? Anza na mfuniko. Ule wa kupumua una kavalvu na katundu kadogo sana, vumbi na kutu vinakaziba, au mtu alinunua mpya unaoingia vizuri tu lakini ni wa aina isiyopitisha hewa. Hilo la mfuniko usio wake ni la kwanza kwa wingi kwenye gari zilizonunuliwa kwa mtu mwingine, na huwezi kulijua kwa kutazama sura. Toa mfuniko, acha ukauke vizuri, weka kipande cha mpira safi mahali pa katundu, vuta hewa na upulize. Wa kupumua utapitisha hewa angalau upande mmoja kwa urahisi.

Mfuniko ukiwa mzima nenda kwenye bomba la hewa. Wadudu wanapenda sana vibomba vile, nyigu wanajenga udongo ndani na buibui anafunga utando, hasa gari ikikaa muda mrefu bila kutembea. Mpira nao unaweza kuonekana mzima kwa nje lakini ndani umevimba na kujifunga, au umebanwa kati ya tanki na bodi siku tanki liliporudishwa. Na kuna hili ambalo naomba kila anayefufua gari alishike: ile rangi nzito ya kupaka ndani ya tanki kuzuia kutu. Ikimwagwa na kuzungushwa inaingia kwenye kabomba ka hewa na kukauka humo. Tanki linarudi linang'aa, jipya kabisa, na halipumui. Kabla ya kupaka, funga kila bomba kwa namna ya kuweza kufunguka au puliza hewa kidogo wakati rangi bado mbichi, halafu kabla tanki halijapanda garini hakikisha kila tundu lina njia.

Kwenye gari yenye kanista, hewa ya kuingia tanki mara nyingi inapita chini ya kanista kupitia filta ya sponji au nyuzi. Filta ile inakula vumbi miaka 40 bila mtu kuikumbuka. Kwenye gari nyingi inachomoka kwa mkono, ukikuta imekuwa kama tope ushapata jibu. Wengine wakikuta hivyo wanatoboa mfuniko kwa drili. Msifanye hivyo jamani, tundu la drili halina valvu, mafuta yatarukia rangi kwenye kona na gari ikipinduka yanamwagika yote.

Ukiwa na injini ya mfumo wa kupuliza mafuta, kama Bosch K-Jetronic, dalili inaanza tofauti kidogo, pampu ya umeme inaanza kulia mlio mwembamba ambao haukuwepo mwanzo. Ukifungua mfuniko mlio ukapungua, hujahitaji pampu.

Ukifungua mfuniko inatoka hewa kwa kishindo

Hapa tanki limeshindwa kutoa. Presha kidogo kwenye mfumo uliofungwa siku ya joto ni kawaida, mlio wa sekunde moja hivi usikutishe. Lakini ikitoka kwa sekunde kadhaa au ikaja na mafuta, funga polepole, subiri ipoe. Chukua tahadhari usiweke uso juu ya mdomo wa tanki.

Madhara yake makubwa yako kwenye kabureta. Presha ya tanki inasukuma mafuta kupitia pampu inayoendeshwa na injini kwa mkono wa chuma, kwa sababu valvu za pampu hiyo zinaruhusu mafuta kwenda mbele, na sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, ambayo kazi yake ni kuhimili presha ndogo tu, inaanza kupitisha. Gari iliyopaki ikiwa moto inanuka mafuta, kabureta inalowa, kuwasha inakuwa shida mpaka ukanyage hadi chini. Mtu atabadilisha sindano mara tatu. Chomoa mpira wa hewa wa tanki ukiwa sehemu ya wazi, kama kabureta inaacha kufurika basi fuatilia njia ya mvuke kutoka tanki hadi kanista: valvu iliyogandia, mpira uliobinywa, au mpira uliofanya tumbo.

Hili la tumbo lina watu wengi. Mpira wa mvuke ukilegea na kuning'inia, mafuta yanayotapika kutoka tanki yanatuama pale chini na kuziba njia kama kizibo. Hewa haiendi huku wala kule mpaka presha iwe kubwa ya kuyasukuma. Mpira wa mvuke unatakiwa utoke tanki, upande juu kuliko mdomo wa kujazia, ndo ushuke kuelekea kanista au nje, na mteremko uwe ule wa kurudisha matone kwenye tanki.

Nozeli inakata kila sekunde ukijaza

Mafuta yanayoingia yanafukuza hewa, na hewa hiyo inarudi juu kupitia mpira mwembamba unaotembea pembeni ya shingo ya tanki. Ukiziba au ukiwa na tumbo, hewa inapandia kwenye shingo hiyohiyo mafuta yanakoshukia, yanarudi juu, nozeli inadhani limejaa. Land Rover za Series zina mpira wa namna hii na ukichoka kujaza kunakuwa mateso. Kugeuza nozeli upande kunasaidia kwa leo, ila badilisha mpira.

Inamwaga ikiwa imepaki

Kama inamwaga baada tu ya kujaza hadi shingoni na kupaki juani, gari haina ubovu, ni ile hesabu ya lita 1.4. Nozeli ikikata mara ya kwanza acha hapo. Watengenezaji waliacha nafasi ya hewa juu kwa makusudi, wengine waliweka kitanki kidogo ndani ya tanki kinachojaa polepole, na ukiendelea kubonyeza nozeli kidogokidogo unakijaza hicho pia na kuua kazi yake. Kupaki kwenye mteremko upande wa mfuniko ukiwa chini nako kunaleta hilohilo.

Kama inamwaga ikiwa na nusu tanki hilo ni lingine. Angalia gasketi ya mfuniko, mpira mnene unaounganisha shingo na tanki, na gasketi ya geji pale inapoingilia kwenye tanki.

Harufu ya petroli ndani ya gari

Hili usilizoee, hata kama kila mwenye gari kama yako anakwambia ndo zilivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kutuama kwenye buti na chini ya viti, na petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Njia nzuri ya kuwinda ni kuangalia harufu inakuja lini. Ikija tanki likiwa limejaa na kupotea likifika nusu, tafuta vitu vya juu: mpira wa shingo, viungo vya mvuke, gasketi ya geji. Ikiwepo muda wote bila kujali kiasi, tafuta chini na kwenye paipu za kwenda mbele. Ikija ukishazima injini ikiwa moto, nenda mbele kwenye kabureta na kanista.

Volkswagen Beetle tanki liko mbele chini ya boneti, mpira wa shingo na vimipira vya hewa vikipasuka harufu inaingia moja kwa moja kwa dereva. 240Z ina kitanki cha mvuke kimefichwa nyuma ya paneli ya pembeni kwenye sehemu ya mizigo, na mipira yake inapita humohumo ndani ya bodi, kwa umri huu ikiwa ni ya kiwandani ishakuwa migumu inapasuka ukiikunja. MGB za Marekani za kuanzia 1970 zina kitanki cha kutenganisha mvuke ndani ya buti. Gari yoyote iliyofichwa mipira hivi, paneli ya ndani itoke kabla hujaanza kushuku tanki lenyewe.

Kunja kila mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo, badilisha, na badilisha wote kwa pamoja manake umri wao ni mmoja. Petroli yenye ethanoli inakula mipira ya zamani haraka, kwa hiyo nunua ile iliyoandikwa SAE 30R9, hicho ni kiwango cha mipira ya mafuta, au inayotajwa wazi kuwa ya mafuta yenye ethanoli. Mpira wa maji wa rejeta hata kama kipimo kinalingana hapana, unalainika na kuvimba ndani, utarudi kwenye kuzima njiani.

Kunguruma vibaya na moshi mweusi baada ya kujaza

Kanista imelowa mafuta. Mkaa kazi yake ni kunasa mvuke, sio petroli yenyewe, ukijaza kupita kiasi yanafika mpaka huko na injini inayanyonya. Chomoa mpira unaotoka kanista kwenda injini na uzibe upande wa injini, ikitulia umethibitisha. Kanista ile ukiinyanyua ni nzito. Ikiwa imelowa sana mara nyingi dawa ni kubadilisha, na kama vumbi jeusi la mkaa linaonekana kwenye mipira, safisha njia nzima manake linaziba valvu na kabureta.

Kupima bila kujilipua

Fanyia nje, betri imechomolewa, hakuna sigara wala grainda karibu. Usipulize tanki kwa kompresa hata kidogo, tanki limetengenezwa kwa presha ndogo sana, mishono inafunguka. Na tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ndani kuna mvuke uliochanganyika na hewa, kwa hiyo kulichomelea bila kulisafisha kitaalamu ni kifo.

Unachohitaji ni mpira safi unaoona ndani, ukunje kama herufi U, tia maji, upande mmoja uunge kwenye bomba la hewa la tanki kwa kiungo cha T, upande mwingine wa T upulize taratibu kwa pampu ndogo ya mkono. Mfuniko uwe umefungwa na matundu mengine yote yazibwe. Maji yakipishana sentimita 35 hiyo ni karibu psi 0.5, inatosha, usizidishe. Kisha acha kupampu na ubane mpira wa pampu. Maji yakishuka haraka kuna mahali panavuja, paka maji ya sabuni kwenye viungo uone mapovu. Kama mfuniko wako ni wa kupumua utavujisha wenyewe, weka kizibo badala yake kwa ajili ya kipimo hiki.

Kupima njia yenyewe ni rahisi zaidi, chomoa mpira pande zote mbili, upulize kwa mdomo ukitumia kipande cha mpira safi kama kiunganishi. Hewa ipite bila kukulazimisha kuvimbisha mashavu. Valvu za kuzuia mafuta gari ikipinduka zipulize zikiwa zimesimama kama zilivyo kwenye gari halafu zigeuze juu chini, zinatakiwa zifunge. Wakati wa kurudisha weka klampu kila kiungo, mwisho wa bomba la nje ukae mbali na ekzosi na uwe na kawavu ka kuzuia wadudu.

Ukimaliza, jaza hadi nozeli ikate, endesha mwendo mrefu kuliko ule uliokuwa unazima, paki, na ufungue mfuniko hapohapo. Kwenye mfumo wa wazi usisikie kitu kabisa. Kwenye mfumo wa kanista pumzi fupi inaruhusiwa, ikiwa ya kuvuta na ni ndefu, rudi kwenye filta ya chini ya kanista.